Majirani wa Bondeni: gumzo la jioni kuhusu njia, ulinzi na vijana wetu

Mwenyekiti wa Mtaa (Jumamosi, saa 1:10 usiku)
Ndugu majirani, habari za jioni. Naandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili halifai kusemwa nusunusu. Wiki hii nimepokea barua tatu ofisini. Ya kwanza ni ya wenye nyumba wa upande wa barabarani, wanaotaka tuweke mageti mawili katika uchochoro mkuu na kuajiri kampuni ya ulinzi kwa mchango wa shilingi 5,000 kwa kila kaya kwa mwezi. Ya pili ni ya kamati ya urasimishaji, ile inayosimamia upimaji wa viwanja vyetu ili tupate hati, inayotukumbusha kwamba wapimaji hawataweka bikoni, yaani alama za mipaka, mpaka tukubaliane njia ipite wapi. Ya tatu wameandika vijana wa kijiweni, wakiomba barua ya utambulisho ili wasajili kikundi. Kila barua inaomba kikao chake, lakini nilipozisoma zote kwa pamoja niliona zinauzungumzia uchochoro uleule. Naomba pande zote tatu zikae pamoja kesho saa 10 jioni, na kabla ya hapo kila mwenye neno alitoe hapa.

Mzee wa Kona (saa 1:24 usiku)
Mwenyekiti, ahsante. Mimi ni mmoja wa walioweka sahihi barua ya kwanza. Mwezi huu peke yake wameiba mtungi wa gesi kwangu, wamempora simu binti wa jirani yangu akitoka kazini, na usiku wa Jumanne wamevunja genge la mboga. Nina miaka 71 na sina nguvu za kukesha. Geti litafungwa saa 4 usiku, mlinzi atakuwepo, na kile kijiwe kilicho mbele ya uchochoro kiondolewe, kwa maana huwezi kufunga mlango huku umemwacha usiyemjua kibarazani.

Kijana wa Bodaboda (saa 1:31 usiku)
Shikamoo mzee wangu. Naomba nijibu bila kukuvunjia heshima. Sisi wa kijiweni tuko kumi na mmoja, na tisa kati yetu tumezaliwa humu humu bondeni. Unatujua kwa majina ya baba zetu. Ile Januari ya 2015, Dar es Salaam ilipotaharuki kwa sababu ya Panya Road, yale makundi ya vijana waliovamia na kupora watu, mimi nilikuwa kidato cha pili, na kuanzia siku ile kijana akikaa na wenzake baada ya magharibi alitazamwa kama mwizi. Hofu ilirudi Septemba 2022, na sisi tukarudi kuwa washukiwa. Sikatai kwamba kuna vijana walioumiza watu. Waliumiza kweli, na familia zilizika. Ninachosema ni kwamba simu ya binti iliporwa kwenye kile kipande cha giza kati ya mfereji na mwembe, na waliomkimbilia aliposikika akilia walikuwa vijana wawili wa kijiwe unachotaka kiondolewe.

Mzee wa Kona (saa 1:36 usiku)
Marahaba mwanangu. Hilo la waliomkimbilia sikuwa nalijua.

Mwalimu Mstaafu (saa 1:50 usiku)
Naomba niseme machache kuhusu ulinzi, maana nimekuwa katika kamati ya ulinzi ya mtaa tangu polisi jamii, yaani raia kushirikiana na polisi katika ulinzi, ilipoanza kuhimizwa mwaka 2006. Wazo la raia kujilinda halikuanzia mjini. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, waliibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipowachosha watu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua kupitia utaratibu wa mgambo. Walifanikiwa kwa kuwa kila kaya ilitoa mtu, na aliyelinda alikuwa akimlinda mjomba wake. Lakini historia hiyo hiyo ina doa la watu waliopigwa na kuuawa bila kusikilizwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu katika mazingira fulani, kisha inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimpi ruhusa ya kumpiga. Kwa hiyo zamu yoyote tutakayoipanga, iwe ya vijana au ya kampuni, majina ya walinzi yaandikwe ofisi ya mtaa na mkaguzi wa polisi wa kata awe nayo. Kuhusu mageti, nina shaka kubwa. Mgonjwa akizidiwa saa 8 usiku, nani atamtafuta mwenye ufunguo?

Mama Mapacha (saa 2:02 usiku)
Mwalimu amenigusa. Mimi ni mpangaji, na wengi humu mnanijua kwa chakula ninachouza. Usiku niliposhikwa na uchungu wa hawa mapacha, bajaji iliishia kwenye lami. Nilibebwa kwenye kiti cha plastiki na watu wanne, tukiukanyaga mfereji gizani, mpaka barabarani. Namba ya nyumba tuliyobandikiwa mwaka 2022 kwenye zoezi la anwani za makazi ninayo ukutani, na naishukuru, lakini namba haiwezi kulileta gari mahali ambapo gari halipiti.

Nina jambo la pili, na naomba lisichukuliwe kama ubishi. Mchango wa 5,000 kwa kaya maana yake mimi mwenye chumba kimoja nitoe sawa na mwenye nyumba anayekusanya pango la vyumba kumi. Na katika kamati ya urasimishaji hakuna mpangaji hata mmoja. Nilikuwa mtoto kule Hananasif, Kinondoni, miaka ya 1990, wakati wakazi walipojenga mifereji na barabara zao kwa mikono yao; kazi ile ilikuwa nzuri na watu walikuja kujifunza pale. Lakini mahali palipopendeza kodi ilipanda, na mama yangu, aliyechimba mfereji ule pamoja na wenzake, alihama. Nataka njia na taa kuliko mtu yeyote humu, ila nataka pia niwepo kuziona.

Mhazini wa Kikoba (saa 2:15 usiku)
Mama Mapacha, maneno yako ni ya haki, na naomba yaingie kwenye ajenda kama yalivyo. Kurasini, watu walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, wenye nyumba walikuwa na cha kudai, lakini wapangaji wengi walibaki na vyombo vyao kichwani. Waliokuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba, wengi wao wanawake, waliungana, wakapata ekari 30 Chamazi, wakajifunza kufyatua matofali ya kufungamana na kuanza kujenga. Mpangaji akawa mwenye nyumba. Njia haikuwa rahisi. Chamazi ni mbali na kazi zao za mjini, na ujenzi ulikwenda polepole kwa sababu akiba ya maskini inakuja kwa mia tano na elfu. Wasingefika popote kama kila mmoja angebaki na daftari lake.

Kwa hiyo napendekeza mfuko mmoja badala ya kila upande kuwa na wake. Mwenye nyumba achangie kwa idadi ya vyumba, mpangaji achangie 1,000, na fedha zitoke kwa sahihi tatu: ya kamati ya ulinzi, ya urasimishaji na ya mpangaji atakayechaguliwa. Kila mwisho wa mwezi nitaweka hesabu hapa hapa kwenye kundi.

Mzee wa Kona (saa 2:29 usiku)
Kuhusu vyumba sina tatizo. Mwenye kingi atoe kingi. Tatizo langu ni hii njia. Mwaka 2006 nilichukua leseni ya makazi, nikaambiwa eneo langu limetambuliwa. Baadaye ikaja kampuni ya upimaji, tukachanga, nikatoa fedha yangu yote kwa mkupuo, wakapiga picha na kuchora alama ukutani kwa rangi nyekundu. Hawakurudi. Alama ipo mpaka leo. Sasa naambiwa nichange tena na zaidi ya hapo nikate eneo langu. Na kinachokatwa ni kibaraza. Marehemu mke wangu aliuza vitumbua pale kwa miaka ishirini na mbili.

Kijana wa Bodaboda (saa 2:33 usiku)
Mzee, hapo kibarazani ndipo nilipokula kila asubuhi kabla ya shule. Siku nisipokuwa na hela alisema nitalipa nikiwa mkubwa.

Mwenyekiti wa Mtaa (saa 2:47 usiku)
Mzee wangu, uliyoyasema kuhusu ile kampuni ni kweli, na mitaa mingi ya jiji hili iliumizwa hivyo hivyo. Ndiyo maana wizara iliweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja, na ndiyo maana safari hii hatutoi fedha mkononi mwa mtu. Kwanza tutauona mchoro wa mipangomiji ukiwa umebandikwa ofisini, kila mmoja aone kiwanja chake na njia inapopita, ndipo malipo yafanyike kwa kumbukumbu rasmi. Leseni uliyonayo ni ya muda na huhuishwa. Hati ya kumiliki ardhi inaweza kufikia miaka 99, na ndiyo ambayo benki na warithi wako wataisoma bila maswali. Lakini sitaki kukuficha: mchoro usio na njia hauwezi kupitishwa. Tukikataa kuachia njia, hakuna atakayepata hati, hata aliyekwisha kukubali.

Fundi Uashi (saa 2:58 usiku)
Ndugu zangu, mimi nimejenga robo ya nyumba za bonde hili, kwa hiyo lawama ya wembamba wa uchochoro ni yangu pia. Nilijenga pale nilipoonyeshwa na mwenye kiwanja, na sikuwahi kuuliza majirani watapita wapi. Moto ulipowaka kwenye vyumba vya nyuma, gari la zimamoto lilisimama kwenye lami na sisi tukapokezana ndoo. Vyumba vinne viliteketea. Tangu usiku ule sijawahi kuupita uchochoro huu bila kuupima kwa macho.

Leo baada ya alasiri nilichukua futi kamba nikapima kweli. Penye wembamba kuliko pote ni mita 1.8, na ni hapo kwa Mzee. Kamati inaomba mita 3. Watu wanadhani upana wote lazima utoke upande mmoja, na kumbe sivyo. Tukichukua sentimita 60 kila upande, ile nyumba ya mkabala inapoteza ukuta wa choo cha nje ambacho hakitumiki tena, na Mzee anapoteza ngazi mbili za mbele. Kibaraza kinabaki. Ngazi nitazijenga upya kwa ubavuni, bila malipo ya ufundi.

Mwalimu Mstaafu (saa 3:05 usiku)
Fundi, hiyo ndiyo taarifa tuliyokosa kwa mwaka mzima. Na nguzo ya umeme itapata mahali pa kusimama. Mradi wa DMDP, ule wa kuboresha miundombinu ya jiji la Dar es Salaam, ulipoleta lami, mifereji na taa Tandale na Manzese, sisi tulibaki tukizitazama taa hizo kwa mbali kwa sababu humu hapakuwa na upenyo wa kupitisha chochote.

Kijana wa Bodaboda (saa 3:14 usiku)
Naomba niseme kuhusu barua yetu sasa. Tunataka kusajili kikundi cha kuzoa taka. Tuna mkokoteni mmoja, tunataka mitatu, na tunataka kupita kila nyumba mara mbili kwa wiki kwa ada mtakayoipanga ninyi. Mfereji wetu unaziba kwa mifuko na vifuu, na mvua za masika zikija maji yanaingia vyumbani, hilo mnalijua. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, na sasa imerejeshwa. Wanaotaka ni kikundi chenye usajili, katiba na akaunti ya benki. Tumeshaandika katiba kwa msaada wa Mwalimu. Kilichobaki ni barua ya Mwenyekiti na majirani watakaosema wanatufahamu.

Zamu za usiku tutashika, watu wawili wawili, kuanzia saa 5 mpaka saa 10 alfajiri. Ila tunaomba kila zamu awe nasi mtu mzima mmoja wa kamati. Hatuhitaji kuchungwa. Doria ikikutana nasi, tunataka awepo mtu wa kusema hawa ni wetu.

Mama Mapacha (saa 3:19 usiku)
Mimi huamka saa 9 kuwasha jiko. Zamu ya mwisho niandikeni, na chai ya walinzi itatoka kwangu.

Mhazini wa Kikoba (saa 3:22 usiku)
Nimeandika. Na lile la kodi, Mama Mapacha, napendekeza wenye nyumba watie sahihi kwamba hawatapandisha pango kwa sababu ya taa au njia kwa miaka miwili, na baada ya hapo mpangaji apewe taarifa ya miezi mitatu. Haitakuwa sheria ya nchi, lakini itabandikwa ofisini na sahihi zitaonekana.

Mzee wa Kona (saa 3:41 usiku)
Nimekaa kimya kwa sababu nilitoka nje na tochi kwenda kuziangalia hizo ngazi. Barua yangu ya mageti naiondoa. Kuhusu pango nitatia sahihi wa kwanza, maana wapangaji wangu saba wamo humu na wanasoma. Nina ombi moja. Hiyo nguzo ya taa isimame kwenye kona yangu, mbele ya kibaraza, na vijana wakimaliza zamu wakae hapo badala ya kule gizani.

Mwenyekiti wa Mtaa (saa 3:46 usiku)
Ombi lako nitalipeleka kesho likiwa la kwanza. Kijana, barua yenu iko tayari, njoo uichukue Jumatatu asubuhi ukiwa na katiba na picha za wanachama. Fundi, tafadhali uje na chokaa ili kabla ya kikao tuchore mstari chini, watu wauone kwa macho yao.

Fundi Uashi (saa 3:48 usiku)
Nitakuwepo saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Mzee wa Kona (saa 3:50 usiku)
Njoo moja kwa moja kwangu, Fundi. Utakuta nimekwisha kung'oa ngazi ya chini.