Kukata matangazo kwenye rekodi ya TV bila kurenda upya

Wakuu habari za jioni, nimerekodi mechi kutoka kwenye king'amuzi hadi flashi, faili ni .ts giga 6 hivi na VLC inacheza freshi, nataka kutoa matangazo tu ila kila programu ya kuedit inarenda upya (inaitengeneza video yote tena) masaa kibao na picha inatoka imefifia. Mzee anaipenda sana hii mechi, nifanyeje?

— Usirende kabisa mkuu. Tumia Avidemux, ni ya bure, video na sauti zote acha Copy, yaani zinakopiwa kama zilivyo. Mshale wa juu na wa chini unakurusha kwenye fremu kuu, yaani ile picha iliyohifadhiwa nzima, zinazofuata nyingi zinabeba mabadiliko tu. Pale mechi inaporudi LAZIMA iwe fremu kuu, la sivyo utaona viboksi viboksi.

— LosslessCut pia safi, ndani yake inatumia FFmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video na sauti. Usifute faili la mwanzo kwanza, angalia sauti kila sehemu uliyokata.

— Asanteni sana wakuu, Avidemux imemaliza dakika mbili tu! Kipande kimoja kimebaki na nusu sekunde ya tangazo la sabuni, nakiacha hivyohivyo, picha ni ileile.