Gigantornis wa ukubwa kamili kwenye leso: tuchore nini, tuache nini?

MwalimuMld: Asalaam aleikum. Kilabu ya mazingira hapa Malindi inataka kuchora Gigantornis, ndege mkubwa wa kale, kwa ukubwa wake kamili, mabawa yametandazwa, kwenye leso zilizoshonwa pamoja. Mabawa yafike mita ngapi? Na meno tuyapange vipi?

Kidari: Waaleikum salaam, mwalimu. Alichopewa jina nacho ni mfupa wa kidari tu, uliotoka Ameki, Nigeria, katika miamba ya Eosini ya Kati, miaka milioni 40 hivi iliyopita. Mtaalamu wa visukuku Charles Andrews aliueleza mwaka 1916 akimdhania jamaa ya albatrosi, ndege wa baharini mwenye mabawa marefu. Bawa halikuwepo, mita 6 zinazotajwa ni makisio. Leso moja ina urefu wa mita 1.5 hivi, basi doti mbili zikishonwa kichwa kwa kichwa zinakaribia mita 6. Mishono itakula sentimita kadhaa, kwa hiyo ongezeni kipande. Katikati chorani albatrosi mkubwa wa leo, mita 3.5, watoto waone tofauti.

Kidari kipakeni rangi nzito, kwingine kote chaki. Mkuku wake, kama wa jahazi, usogezeni mbele, na pale mbele onyesheni unapokutana na mfupa wa panda, ule wenye umbo la V mbele ya kifua. Umbo hilo ndilo lililomtoa kwa albatrosi na kumweka kwenye jamii ya ndege wenye meno bandia. Wengine humhesabu kuwa ni Dasornis yule yule, ndege wa jamii hiyo hiyo.

Pwani_Mabaki: Naafiki, ila ncha za mabawa msizifunge kwa mstari mmoja. Pelagornis sandersi, jamaa yake mwenye meno bandia aliyechimbuliwa karibu na Charleston, Marekani, mwaka 1983, ana mifupa mingi zaidi, na bado alipoelezwa mwaka 2014 alikadiriwa kati ya mita 6.1 na 7.4. Sababu ni manyoya: hayakubaki, na urefu wake hubadilisha hesabu. Kwa Gigantornis wekeni nukta nukta.

Meno mtayaazima kwa jamaa zake, kwa kuwa kidari hakina taya. Kosa la kawaida ni kuyachora yamekaa kwenye matundu kama ya mamba, au yote yalingane. Haya ni vichomozo vya mfupa wa taya wenyewe, uwazi ndani: kirefu, vifupi kadhaa, kisha kirefu tena.

MwalimuMld: Shukran. Nyayo je?

Kidari: Achani miguu ndani ya manyoya, mwalimu. Anaruka.