Kikundi cha Familia: Mama abaki Makunduchi?

Ami Mkubwa: Assalamu alaykum nyote. Mama ameteleza tena msalani jana alfajiri alipokuwa akitia udhu. Alhamdulillahi hakuvunjika, ila goti limevimba. Napendekeza ahamie kwangu mjini kabla ya Ramadhani.

Shangazi: Waalaykumu salaam, kaka. Mwaka juzi alikaa kwako miezi miwili, ghorofa ya tatu, hana wa kuzungumza naye mpaka nyinyi mrudi kutoka kazini, na ukili aliokwenda nao aliurudisha bila kuusuka hata shubiri moja. Hapa asipofungua dirisha asubuhi, jirani hubisha hodi.

Mjukuu, Muscat: Shikamooni wazee wangu. Je, Bibi bado anapata pensheni jamii ya Serikali ya Zanzibar, ile ya wazee?

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Anaipata. Ilianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000, na hupewa mzee aliyetimiza miaka 70 hata kama hakuwahi kuajiriwa, jambo ambalo kwa mwanamke aliyelima mwani kwa miaka mingi ni heshima kubwa. Akishazipokea huzikunja kwenye pindo la kanga, akamtuma mtoto wa jirani samaki, naye mtoto haondoki mikono mitupu. Tukimhamisha atakuwa mtu wa kuomba, na mimi siliridhii hilo.

Ami Mkubwa: Nimekuelewa, dada. Hofu yangu ni usiku, kwa sababu presha yake hupanda na hakuna anayelala naye.

Shangazi: Binti yangu wa pili yuko tayari kulala pale kila siku isipokuwa Ijumaa, ambayo nitaichukua mimi. Kupima presha kutafanyika hospitali ya Makunduchi, ambayo ni karibu kuliko safari ya gari kutoka mjini. Kilichobaki ni msala: sakafu ile ya saruji laini ndiyo iliyomwangusha mara zote mbili.

Mjukuu, Muscat: Gharama ya fundi nitaibeba mimi, inshaallah. Nielezeni tu kinachohitajika.

Shangazi: Sakafu ikwaruzwe, kijengwe kibaraza cha kukalia wakati wa kutia udhu, liwekwe bomba la kushikia ukutani na taa ya sola mlangoni.

Ami Mkubwa: Basi nakuja Jumamosi na fundi. Bomba lisifungwe kwa kukisia: Mama asimame pale pale, mikono ameiteremsha, na fundi atie alama usawa wa kifundo cha mkono wake.