Friji inapiga shoti: nyutro na ethi skrubu moja?

Wakuu, nipo Tabata, nyumba ya uani. Nikigusa mlango wa friji nikiwa pekupeku, vidole vinawasha. Nimefungua boksi la umeme: fundi kafunga waya mweusi wa nyutro na ule wa ethi (waya wa usalama) wa kijani na njano kwenye skrubu moja. Ni sawa?

Jibu: Hapana mkuu, zima meni swichi sasa hivi! Nyutro hurudisha umeme muda wote. Ethi husubiri hitilafu. Ukiziunganisha humo kisha nyutro ikatike, volti 230 zinaweza kuhamia kwenye bati la friji. Nina watoto, naogopa sana hili.

Jibu: Fundi akague na nondo ya ethi, ile iliyochimbiwa ardhini. Kwangu Mbagala kutu ilikula klempu inayobana waya kwenye nondo, waya ukabaki unaning'inia.

Muulizaji: Nimezima. Fundi mwingine anakuja kesho na mita ya kupimia umeme.