Malenga amepewa podo la mwindaji ngazi saba kabla ya mwindaji mwenyewe: kanuni hii irekebishwe

Ndugu wanajamvi, nimevumilia vikao vitatu bila kusema neno, lakini cha Jumamosi iliyopita kimenishinda. Ninacheza mwindaji katika kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons, toleo la tano, kwa kanuni za kitabu cha mwaka 2014, na kikundi chetu kimekuwa pamoja kwa mwaka na nusu. Mhusika wangu amefika ngazi ya 10 (ngazi ni kiwango cha ukuaji wa mhusika) kwa taabu, na upinde ndio kazi yake tangu siku ya kwanza.

Tulikuwa kwenye ukingo wa korongo, majitu mawili yanapanda kutufuata. Mwenzetu anayecheza malenga wa vita (mshairi anayepigana na kutumia uchawi), naye akiwa ngazi ya 10, alitangaza kwamba kwa kutumia Magical Secrets, yaani ile haki ya malenga kuchagua speli (uchawi) mbili kutoka fani yoyote, yaani aina yoyote ya mhusika, amechukua Swift Quiver. Speli hiyo hulifanya podo lisiishiwe mishale, na kwa muda wa dakika moja humwezesha mwenye podo kutumia tendo lake la nyongeza kupiga mara mbili zaidi katika kila zamu. Malenga wa vita tayari hupiga mara mbili tangu ngazi ya 6. Kwa hiyo kuanzia zamu ya pili yeye alirusha dadu mara nne na mimi mara mbili, tukiwa na pinde za aina moja, na dadu zake zilikuwa zikitulia pembeni kabisa ya karatasi yangu ya mhusika. Jitu la pili lilipoanguka, mshale wangu ulikuwa bado haujamgusa yeyote.

Katika kitabu hicho, Swift Quiver imo kwenye orodha ya mwindaji peke yake. Ni speli ya daraja la 5 (daraja ni kiwango cha nguvu ya speli, si ngazi ya mhusika), na kwa kuwa mwindaji hupata uchawi polepole, hawezi kuigusa hadi afike ngazi ya 17. Malenga hupata nafasi za kutumia speli za daraja la 5 katika ngazi ya 9, na katika ngazi ya 10 anafunguliwa mlango wa orodha za wenzake. Kwa hesabu ya kitabu, ngazi ya 10 inahitaji alama 64,000 za uzoefu, na ngazi ya 17 inahitaji 225,000. Kampeni nyingi huvunjika kabla ya kufika huko, maana yake ni kwamba wawindaji wengi hawataitumia kamwe speli iliyoandikwa kwa ajili yao, huku malenga akitamba nayo mbele yao. Paladini, yaani shujaa mtakatifu wa vita, naye ameonewa vilevile: Find Greater Steed, speli ya kuita mnyama wa kupanda iliyotoka katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 2017, yeye huipata ngazi ya 13, na malenga anaweza kuipanda ngazi ya 10.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu nimeshapewa mezani: malenga ni mtu wa kudokoa kila ujuzi, na kumzuia ni kumnyima ladha yake. Sipingi ajifunze. Ninachopinga ni kwamba kanuni inapima daraja la speli tu na haiulizi mwenye fani huifikia lini. Hata kwetu malenga anayeingia katika bahari asiyoizoea hufungwa na vina na mizani ya bahari hiyo kama waliomtangulia. Mchawi anayetaka kuongeza speli ya fani yake mwenyewe aliyoiokota njiani hulipa dhahabu 50 na saa 2 kwa kila daraja ili kuinakili katika kitabu chake. Malenga huchukua ya watu wengine bila kulipa chochote.

Wengine watanielekeza kwenye kanuni za mwaka 2024. Ni kweli kwamba huko Magical Secrets imebanwa kwenye orodha za malenga, kuhani, druidi na mchawi, na mwindaji na paladini wamesalimika. Naona hapo waandishi wenyewe wamekiri palipokuwa na kasoro. Sisi hatuchezi kanuni hizo.

Kilichonifanya nifungue uzi huu leo ni suluhisho la msimamizi wetu, yaani anayeuongoza mchezo. Baada ya kulalamika, aliandika kwenye kundi letu kwamba ili haki iwepo, kuanzia sasa kila mhusika ataweza kununua speli ya fani yoyote kwa dhahabu. Anadhani amenisaidia. Mwindaji wa ngazi ya 10 anajua speli 6 tu, na nafasi zake zinaishia daraja la 3. Nitanunua nini, na nitakitilia wapi? Mchawi wa ngazi hiyohiyo ana speli zisizopungua 24 kitabuni na nafasi za daraja la 5. Atanunua Cure Wounds, speli ya kuponya majeraha, siku ya kwanza, na dada anayecheza kuhani, ambaye amekesha nasi akitufufua tangu ngazi ya 1, atabaki kuangalia kazi yake ikifanywa na mwingine. Tayari ameniuliza kama inafaa abadilishe mhusika, na niliumia sana kusikia hivyo kutoka kwake.

Ninachoomba ni sentensi moja katika kanuni za meza yetu: hakuna mhusika atakayejifunza speli ya fani nyingine kabla ya kufika ngazi ambayo mwenye fani hiyo angeipata. Malenga atabaki na haki yake yote, isipokuwa kumtangulia mwindaji. Kwa walio wasimamizi humu, naomba mniambie kama mmewahi kuitumia kanuni ya namna hii na mliiandikaje, kwa sababu kikao kijacho ni Jumamosi hii na nataka kwenda nayo ikiwa imeandikwa.