Maneno ya marehemu yameandikwa kwa Kiingereza: nayarudishaje katika Kiswahili alichokisema?

Mfasiri wa Wete ameuliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu wapenzi wa lugha.

Familia moja ya huku Pemba imenipa kazi ya kufasiri wasifu wa mzee wao, mwalimu wa skuli aliyezaliwa Wete na kusomea ualimu Unguja. Wasifu huo umeandikwa kwa Kiingereza na binti yake aliyekulia Uingereza. Nilidhani ugumu utakuwa katika istilahi, kumbe istilahi ndizo nyepesi. Kinachonisumbua ni kwamba maisha yale hayakupita kwa Kiingereza. Marehemu alilelewa, akaoa, akasomesha na akafariki kwa Kiswahili, na kila neno ambalo kitabu kinasema alilitamka yeye au mama yake ni tafsiri tayari, iliyofanywa na binti kutokana na kumbukumbu, bila ya asili yake kuandikwa popote. Kwa hiyo mimi silipeleki neno ugenini; ninalirudisha kwao, na huko kwao wapo watu walio hai wanaokumbuka lilivyotamkwa.

Nitoe mfano wa ukurasa ulionisimamisha siku nne. Mwaka 1936 kijana ana miaka kumi na sita, yuko ufukweni Wete akingoja mashua impeleke melini, na mama yake amemfungia mkate katika kitambaa. (Kiingereza kinasema mkate tu, nami sijui kama ni wa mofa, wa kumimina au boflo.) Mama anamshika kichwa kwa mikono miwili na kumwambia maneno ambayo, yakifasiriwa neno kwa neno, ni "Nimekusamehe." Basi, hakuna zaidi, na sura inaishia hapo. Shaka yangu ni kwamba kurasa mbili nyuma kijana huyo aliuza mbuzi wa mama yake bila ya ruhusa ili apate nauli, na kwa hiyo msamaha una mahali pake katika hadithi. Lakini kila nikiandika "Nimekusamehe" naona kama si mama wa Kipemba anayesema.

La pili ni dogo, ila nalo linanikera. Kitabu kinasema kwamba mwaka 1932, akiwa mtoto, alichuma karafuu na kulipwa kwa shilingi kwa kila pishi. Fedha ya Zanzibar wakati huo ilikuwa rupia, na shilingi ya Afrika Mashariki iliingia tarehe 1 Januari 1936. Je, mfasiri wa wasifu ana haki ya kusahihisha, au kazi yake ni kufasiri hata kosa?

Maalim Mstaafu amejibu:

Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Umegusa jambo ambalo Waarabu walilitia katika neno moja. Kwao tarjama ni kufasiri, na tarjama hiyo hiyo ni habari ya maisha ya mtu, kama zile zilizomo katika vitabu vya wanavyuoni: alizaliwa wapi, alisoma kwa nani, alisomesha nani, alifariki lini. Sisi tumeyatenga, tukachukua tafsiri kwa jambo la kwanza na wasifu kwa la pili, lakini nadhani waliotumia neno moja waliona kweli. Anayeandika maisha ya mwingine anafasiri mtu kabla mfasiri wa lugha hajafika, nawe umekuja kufasiri tafsiri.

Hapa kwetu hali hii ni ya zamani. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tuliyezoea kumwita Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kirumi na kuyafasiri kwa Kijerumani, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kisha Brode akaandika kitabu chake mwenyewe juu ya mtu huyo huyo, na hicho kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1907, kikiwa kimefasiriwa kutoka Kijerumani. Zingatia kilichotokea: mtu aliyesema "mimi" kwa Kiswahili alimfikia msomaji wa London akiwa "yeye", tena kwa kupitia lugha ya tatu. Tafsiri ya Kiingereza iliyotoka moja kwa moja katika Kiswahili, ya W. H. Whiteley, ilichapishwa karibu na mwaka 1960, zaidi ya miaka hamsini baada ya mwenyewe kufariki Mji Mkongwe mwaka 1905. Kwa Sayyida Salme mambo ni kinyume. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akakulia katika Kiarabu na Kiswahili, na mwaka 1886 akayatoa maisha hayo kwa Kijerumani. Yeyote anayeyaleta katika Kiswahili anafanya kazi kama yako: anarudisha nyumbani maneno ambayo mwenyewe aliyahamisha.

Sasa nije kwa mama wa bandarini. Mimi sina shaka kwamba alisema "Nimekuwia radhi." Mzazi wa zama zile hakumwacha mtoto avuke bahari bila ya kumpa radhi, kwa sababu bahari haina ahadi. Radhi haihitaji kosa. Hata mtoto asiyemkosea mzazi huiomba na hupewa. Binti hakupata neno la Kiingereza la kuibeba, akachukua lile la msamaha lililo jirani, na katika kuchukua huko mama amekuwa mtu anayefuta deni la mbuzi, ilhali alikuwa anamkabidhi mwanawe kwa Mungu. Hata hivyo, shaka ya mbuzi ni ya haki, na shaka ya haki huondolewa kwa kuuliza. Tafuta mtu aliyekuwapo au aliyesimuliwa na aliyekuwapo. Usipompata, usimtie marehemu maneno ndani ya alama za kunukuu. Sema kwa usemi wa taarifa kwamba mama alimpa radhi zake.

Angalia pia siku. Kama binti ameandika kwamba baba yake alifariki Alhamisi usiku, wanafamilia watakwambia alifariki usiku wa Ijumaa, na wote watakuwa wamesema kweli, kwa kuwa kwetu usiku hutangulia mchana wake. Ukifasiri siku bila ya kufasiri hesabu ya siku, utamzuia marehemu fadhila ambayo watoto wake wanaitaja kila hitima.

Mhariri wa Ng'ambo amejibu:

Namheshimu sana Maalim, ila naona kuna hatari ya kusahau kwamba kitabu kina mwandishi, na mwandishi huyo yu hai. Rupia na shilingi ni jambo la barua moja tu: mwandikie binti, mweleze, naye akikubali sahihisha ndani ya matini, asipojibu, acha alichoandika na utie tanbihi fupi chini ya ukurasa. Kusahihisha kimyakimya sikukubali, kwa sababu msomaji atakayeziweka nakala mbili pamoja hatajua aliyekosea ni nani.

Jambo ambalo hukulitaja, na bila ya shaka umekutana nalo, ni maelezo. Mtu anayewaandikia wageni hueleza. Binti atakuwa ametumia mistari sita kusema eda ni nini, na aya nzima kusema kwamba karafuu huchambuliwa usiku kwa kutolewa makonyo, kisha asubuhi huanikwa juani juu ya majamvi. Msomaji wa Mtambwe hahitaji kufundishwa hayo, na akifundishwa ataona anadharauliwa. Wahariri wengi wangekata yote. Mimi ningekata ya karafuu na kuyaacha ya eda, iwapo yameandikwa kwa namna inayoonesha kwamba binti mwenyewe alijifunza ukubwani, kwa kumtazama mama yake amekaa ndani. Wasifu ulioandikwa na mtoto una maisha mawili ndani yake, na umbali wa yule anayesimulia ni sehemu ya habari.

Binti Mkoani amejibu:

Naomba niongeze kwa uchungu kidogo, kwa kuwa jambo hili limetufika nyumbani. Habari za maisha ya bibi yangu ziliandikwa kwa Kiingereza na mgeni aliyekaa naye kwa miaka, kisha zikafasiriwa na mtu ambaye sitamtaja. Katika sura ya harusi, Kiingereza kilitumia neno lao moja ambalo ni la ndugu wa baba na la ndugu wa mama pia. Mfasiri akaandika kwamba bibi, ambaye baba yake alikwishafariki, aliozwa na mjomba wake.

Kwa msomaji wa mbali hilo si kitu. Kwetu mjomba hawi walii, yaani mwenye haki ya kumwoza mwanamke. Aliyemwoza bibi ni ami yake, ndugu wa baba kwa baba na mama, na watu wanaomkumbuka wangali hai. Kwa neno moja kitabu kilisema mbele ya ukoo mzima kwamba ndoa ya bibi haikuwa na walii wa haki, na unajua nini hufuata baada ya hapo katika vinywa vya watu. Baba yangu alikuwa akisomewa barazani baada ya laasiri. Ilipofika sentensi ile aliomba kitabu kifungwe, na mpaka leo hakijafunguliwa tena nyumbani kwetu. Mfasiri hakuwa na nia mbaya. Alichagua neno lililomjia kwanza, wala hakuuliza.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaandika ami, mjomba, shangazi au mama mdogo hata mara moja, kaa na mtu mzima wa familia na mchore nasaba yote kwenye karatasi, mama kwa mama na baba kwa baba. Chunga vilevile sitara. Kiingereza huhesabu talaka za mtu kama kinavyohesabu safari zake. Sikwambii uzifute, kwani si zako. Lakini lipo Kiswahili kinachosema kwamba waliachana na lipo kinachomwanika mwanamke, na uchaguzi huo uko mikononi mwako wewe, wala si kwa mwandishi.

Mfasiri wa Wete amejibu:

Nawashukuru nyote, nami nawaletea nilichokipata.

Binti amejibu kuhusu rupia: amekubali sahihisho, na akaniambia kwamba baba yake alitaja malipo tu, neno shilingi ni lake yeye. Nimesahihisha ndani ya matini kwa idhini yake. Kuhusu maelezo ya eda nimemfuata Mhariri, kwani niliporudia aya ile niliona kweli binti anajitazama mwenyewe akitazama.

Jumapili nilikwenda kwa mdogo wake marehemu, bibi aliyekuwa na miaka minane siku ile ya bandarini na aliyesimama ameshika kanga ya mama yake. Sikumwambia kitabu kinasema nini. Nilimwomba tu anisimulie kaka yake alivyoondoka. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba mkate ulikuwa wa mofa, na kwamba mama alimshika kaka yake kichwa hivi (akanishika mimi kichwa kuonesha) na kumwambia: "Mbuzi nimekusamehe. Na radhi zangu unazo."

Alisema yote mawili, kwa mpango huo. Binti alisimuliwa na baba yake, na ama baba alilisema la kwanza peke yake, ama Kiingereza kiliyameza mawili kikatoa moja. Nimemwandikia binti usiku ule ule, na nangoja idhini yake kuongeza sentensi ya pili. Kuhusu walii, namshukuru sana Binti Mkoani: sura ya saba ya kitabu hiki ina harusi, na neno hilo hilo lipo humo mara tatu. Nimemwomba yule bibi tukae tena Jumapili ijayo, nami nitakwenda na karatasi kubwa.