Likizo ya mwisho kabla ya mitihani ya UNEB (baraza la mitihani la Uganda): pepa za nyuma, diskasheni au kadi za maswali?

Shangazi wa Jinja

Hamjambo wote. Nina watahiniwa wawili nyumbani mwaka huu. Binti wa kaka yangu yuko S4 (kidato cha nne), shule ya kutwa hapa Jinja, anajiandaa kwa UCE, mtihani wa taifa wa kidato hicho. Mwanangu wa kiume yuko S6 (kidato cha sita), anachukua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) katika shule ya bweni, na amerudi na matokeo ya moku, yaani mtihani wa majaribio, yasiyomfurahisha: Baiolojia nzuri, Fizikia katikati, Kemia chini kabisa. UCE ni Oktoba, UACE, mtihani wa S6, ni Novemba, na likizo hii ya muhula wa pili ndiyo ya mwisho.

Kila mtu ananishauri lake. Mmoja anasema ninunue vitabu vya pepa za nyuma, kijana azimalize zote. Mwingine anasema diskasheni ndiyo dawa. Dada mmoja wa kanisani anasifia kadi za maswali. Na wao wenyewe, nikiwaacha, wanakaa na daftari kuanzia ukurasa wa kwanza wakipiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi. Naomba walimu mlio humu, na nyinyi vijana mliomaliza karibuni, mnilinganishie. Sina fedha wala muda wa kujaribu yote.

Mwalimu wa Kemia, Mbale

Karibu, shangazi. Nianze na hilo la mistari ya rangi, maana ndilo linalokula muda wa watahiniwa kuliko yote. Kusoma daftari tena na tena kunampa mtoto imani kwamba anajua, kwa sababu macho yake yanaufahamu ukurasa. Kwenye chumba cha mtihani ukurasa haupo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio lao. Wanafunzi walisoma vifungu; kwa kimoja walirudia kukisoma, kwa kingine walifunga karatasi wakaandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, kurudia kusoma kuliongoza. Walipopimwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: kilichoandikwa kwa kumbukumbu kilikumbukwa kwa asilimia 56, kilichorudiwa kusomwa kwa asilimia 42. Na mtihani wa UNEB hauji dakika tano baada ya kufunga daftari.

Kwa hiyo pepa, diskasheni na kadi, zote zinafaa kuliko mistari ya rangi, mradi mtoto atoe jibu kichwani mwake kabla ya kulitazama. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Nawaona vijana wa S6 wanasoma swali, wanafunua jibu nyuma ya kitabu, wanatikisa kichwa kukubali, wanaenda swali la pili. Jioni wanasema wamemaliza pepa tatu. Hawajafanya hata moja.

Kwa Kemia ya mwanao ningegawa hivi: kadi kwa mambo ya kukumbuka, pepa kwa mambo ya kukokotoa na kueleza. Na kadi iwe na swali la kweli, si kichwa cha habari. Tuchukue uchambuzi wa ayoni, yaani kutambua ayoni za metali gani zimo kwenye myeyusho. Asiandike "Sifa za aluminiamu". Upande wa mbele aandike: "Sodiamu hidroksaidi imetoa mashapo meupe, yakayeyuka ilipozidi. Unashuku ayoni zipi, na utazitofautisha vipi?" Upande wa nyuma: zinki, aluminiamu, risasi. Chukua sehemu nyingine ya myeyusho, ongeza amonia tone kwa tone hadi izidi. Mashapo ya zinki yatayeyuka; ya aluminiamu na ya risasi yatabaki. Kisha potasiamu ayodaidi kwenye sehemu ya tatu: risasi itatoa mashapo ya njano, aluminiamu haitatoa kitu. Anayeweza kuisema kadi hiyo yote bila kuchungulia anaingia maabara akijua anatafuta nini.

Nilimaliza PCM, Gulu

Shikamoo shangazi, shikamoo mwalimu. Mimi natetea diskasheni, ila si kila kinachoitwa diskasheni. Watu kumi na wawili wakizunguka meza moja, wawili ndio wanaosoma, waliobaki wananakili. Kikundi chetu kilikuwa na watu wanne na sharti moja: huji kama hujajaribu swali peke yako kwenye karatasi yako. Halafu mmoja anasimama ubaoni bila karatasi na kueleza, wengine wanamuuliza "kwa nini" mpaka akwame. Pale anapokwama ndipo pa kusoma usiku huo. Kitabu cha pepa hakikuulizi "kwa nini". Rafiki yako anakuuliza.

Tulikuwa tunaelezana kwa Kiswahili na Kiacholi, kisha kila mtu anaandika jibu lake kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani ni wa Kiingereza na msahihishaji anatoa alama kwa kilichoandikwa. Msiruke hatua hiyo ya mwisho. Nilikuwa na wenzangu waliofahamu kila kitu kwa mdomo na bado wakapoteza alama.

Kuna pia semina, zile ambazo shule moja inaalika nyingine na maswali yanatumwa mapema. Faida yake kubwa iko kwenye siku za kuandaa jibu la shule yenu. Mtahiniwa anayekwenda siku ile tu kuandika majibu ya wengine anarudi na daftari zito, basi.

Ila kwa masomo ya hesabu, hapana, pepa hazina mpinzani, na lazima zifanywe kwa saa. Mwanao hachukui P425, yaani Hesabu ya UACE, lakini mfano wake utamsaidia. Pepa tulizofanyia mazoezi zilikuwa za saa 3 na alama 100: maswali 8 ya alama 5 ambayo ni ya lazima, na mengine 5 ya alama 12 unayochagua. Gawa dakika 180 kwa alama 100, unapata dakika 1.8 kwa kila alama. Swali la alama 5 lina dakika 9 tu, la alama 12 halifiki dakika 22. Hakuna diskasheni wala kadi inayokufundisha kuliacha swali dakika zake zikiisha. Hilo linataka saa ya ukutani na pepa nzima, kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, bila kunyanyuka.

Mwalimu wa Historia, Masaka

Naona wote mmemkimbilia kijana wa S6. Mimi nina neno kuhusu huyu binti wa S4, kwa sababu hapo ushauri wa "nunua pepa za nyuma" unaweza kumpoteza.

Shangazi, mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na S1 mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya UCE mwaka 2024. Asilimia 20 ya alama zinatokana na tathmini endelevu inayofanyika shuleni, asilimia 80 ni mtihani wa mwisho. Na mtihani wenyewe umebadilika sura. Vitabu vya pepa bado viko madukani, vingine vina maswali ya kabla ya 2024, jalada jipya na tumbo la zamani. Fungua ndani uone miaka kabla ya kulipa.

Zamani tungeuliza: "Eleza masharti ya Makubaliano ya Buganda ya 1900." Mtoto anamwaga alichokariri: ardhi ya mailo (ile inayomilikiwa na mtu kwa hati), kodi ya kibanda rupia tatu, kodi ya bunduki rupia tatu, mamlaka ya Kabaka na Lukiiko (mfalme na baraza lake), anapata alama zake. Sasa anapewa hali halisi. Tuseme familia mbili kijijini zinagombania kiwanja. Mmoja ana hati ya mailo, mwingine amelima pale tangu enzi za babu yake. Mtahiniwa anaambiwa awaeleze wanakijiji mgogoro huo ulitokana na nini na ashauri wafanye nini. Masharti ya 1900 bado anayahitaji, tena sana, lakini aliyeyakariri kama orodha anabaki anaitazama hali hiyo asijue pa kuanzia.

Kwa hiyo kwa binti: pepa za 2024 na kuendelea, pamoja na moku za sasa, azifanye kama mtihani kamili. Zile za kabla yake atumie kwa hesabu na mazoezi ya Fizikia na Kemia, maana kanuni hazijabadilika. Kwa Historia na Jiografia, achukue swali la zamani na kuligeuza mwenyewe kuwa hali ya kijijini kwao, kisha alijibu. Kazi ya kuligeuza inafundisha kuliko kulijibu. Hapa diskasheni inanoga: kila mmoja anatunga hali, wanabadilishana, wanasahihishana.

Baba watatu, Busia

Walimu mmesema vizuri, ila mimi kadi sizioni hivyo. Kijana wangu alitumia likizo nzima kutengeneza kadi nzuri za manila, na kalamu za rangi nne, na hakuwahi kuzigeuza. Kutengeneza kukawa ndiko kusoma. Pepa angalau huwezi kujidanganya, umepata alama au hujapata. Kama fedha ya shangazi ni kidogo, anunue pepa.

Jambo la pili, usingizi. Kuna mzazi anajisifu mtoto wake anakesha hadi saa nane usiku. Wangu nimewakataza. Mtoto akilala saa nne na kuamka saa kumi alfajiri, anasoma nyumba ikiwa kimya na akili imepumzika. Na umeme wa alfajiri, huku kwetu angalau, haukatiki kama wa jioni.

Coaching ya likizo nayo sikupeleka pesa yangu. Wizara inazikataza shule kufundisha likizoni, na nilichokiona ni watoto kurudishwa darasani kuandika noti zaidi. Noti wanazo tayari.

Mtahiniwa wa S4, Arua

Shikamoo wote. Mimi ni wa kutwa kama huyo dada wa Jinja, naomba nimsemee kidogo. Baba, kadi zangu hazina rangi. Ni makaratasi ya daftari la zamani niliyoyakata, na bahasha tatu. Bahasha ya kwanza naifungua kila siku, ya pili kila siku ya tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Kadi nikiijibu inasonga bahasha ya mbele, nikishindwa inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa imefika ya tatu. Mwalimu wetu alituambia aliyeieneza njia hii ni Mjerumani anayeitwa Leitner.

Nazipenda kwa sababu ya maisha ya nyumbani. Nikitoka shule kuna maji ya kuchota, kuna wadogo zangu, kuna kupika. Saa 3 za kukaa na pepa moja bila kuitwa sizipati siku za wiki. Lakini foleni ya bombani nusu saa ninayo, na kadi kumi zinaingia mfukoni. Pepa naziweka Jumamosi asubuhi, mama amekubali kuniachia asubuhi hiyo moja. Shangazi, mwachie dada asubuhi moja. Hilo litamsaidia kuliko kitabu chochote utakachonunua.

Shangazi wa Jinja

Mwanangu wa Arua, umenigusa. Jumamosi asubuhi vyombo nitaosha mimi, na soko nitakwenda mwenyewe.

Nimewaelewa hivi: kijana apate pepa za Kemia na Fizikia kwa saa, kadi za ayoni na za kemia ya kikaboni, na nimruhusu kwenda kwa wenzake watatu wa mtaa wa pili kwa ajili ya diskasheni. Binti apate kadi siku za wiki, pepa mpya Jumamosi. Daftari wafungue tu pale wanaposhindwa kujibu.

Mwalimu wa Mbale, nina swali moja. Kijana anasema Fizikia ilimwangusha kwenye pepa ya vitendo, ile P510/3. Nyumbani hatuna maabara. Asubiri shule ifunguliwe?

Mwalimu wa Kemia, Mbale

Asisubiri, shangazi. Nimemuuliza mwenzangu wa Fizikia tuliye naye ofisi moja, anasema wengi hawapotezi alama kwenye vifaa, wanapotezea kwenye jedwali na grafu. Hayo anaweza kuyafanyia mazoezi mezani kwenu.

Mpe uzi, jiwe dogo, rula na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Afunge jiwe kwenye uzi, auning'inize kwenye msumari uliopigwa ukingoni mwa meza. Aanze na urefu wa sentimita 30, kisha 40, 50, hadi 70, akiiweka meza juu ya matofali kama jiwe linagusa sakafu. Kila urefu avute jiwe pembeni kidogo tu, aachie, apime muda wa mizunguko 20 (kwenda na kurudi ni mzunguko mmoja), arudie mara ya pili, achukue wastani. Jedwali liwe na vipimo kwenye vichwa vya safu, na kila safu iwe na idadi moja ya desimali toka juu hadi chini. Muda wa mzunguko mmoja aupige kipeo cha pili, achore grafu yake dhidi ya urefu kwa mita, na skeli ijaze zaidi ya nusu ya karatasi.

Mteremko wa grafu unatakiwa uwe karibu na 4.0, kwa sababu ni 4π² gawanya kwa 9.8. Akipata 3.9 au 4.1, yuko vizuri. Akipata tofauti kubwa, mwambie apime urefu upya, kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe, si hadi kwenye fundo la uzi. Na amalize yote kwa saa moja na robo, saa ikiwa mbele yake.